Kazi za Sehemu za Ubongo, na Mgonjwa Aliyepotewa na Maneno

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, wauguzi wenzangu, wahudumu wa afya wa jamii, na ninyi akina mama na akina baba mnaouguza wagonjwa wa kiharusi majumbani, nawasalimu nyote kwa heshima. Nashukuru kwa nafasi hii, nami nitaitumia kusema jambo moja ambalo nimelibeba kwa muda mrefu: mgonjwa ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno hakikumnyang'anya akili pamoja na maneno hayo. Ubongo umezigawa kazi zake, kila eneo likapewa sehemu yake, na madhara yanayolipata eneo moja huweza kuliacha la jirani likiwa zima kabisa. Familia inayolijua hilo humwuguza mgonjwa wake kwa namna nyingine na familia isiyolijua, na kwa sababu hiyo naamini kwamba elimu hii ni haki ya kila aliyeketi hapa, si mali ya madaktari peke yao.

Niruhusuni nianzie mbali kidogo, nchini Ufaransa, mwaka 1861. Katika hospitali ya Bicêtre, jirani na jiji la Paris, alikuwapo mgonjwa aitwaye Louis Victor Leborgne. Alikuwa na kifafa tangu ujana wake, na alipokaribia umri wa miaka 30 akapotewa na uwezo wa kusema. Kila alichoulizwa alijibu kwa silabi moja, "tan", akiirudia aghalabu mara mbili, hata watu wa pale hospitalini wakamwita Tan. Baada ya miaka kadhaa mkono wake wa kulia ulianza kulegea, mguu wa kulia nao ukafuata, mpaka akawa mtu wa kitandani. Mwezi Aprili wa mwaka huo mguu uliopooza ulioza kwa maambukizi, naye akahamishiwa katika wodi ya daktari wa upasuaji aitwaye Paul Broca.

Broca alikaa naye siku chache tu, kwa kuwa Leborgne alifariki tarehe 17 Aprili, lakini katika siku hizo alifanya jambo ambalo mimi nalithamini kuliko ugunduzi wenyewe uliompa jina: alimwuliza maswali, kisha akatulia kungoja majibu. Alimwuliza ameishi miaka mingapi pale Bicêtre. Leborgne akaukunjua mkono wake mara nne, vidole vyote vitano, halafu akaonyesha kidole kimoja peke yake. Ishirini na moja, na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake daktari akalirudia swali, akapata jibu lile lile. Alipotaka kuliuliza mara ya tatu, mgonjwa akang'amua kwamba anafanyishwa mazoezi, akakasirika, na kinywani mwake likatoka apizo zima, maneno kamili, ambayo Broca hakuyasikia tena kwake.

Tafadhalini mlitafakari tukio hilo. Mtu aliyeonekana kwa miaka mingi kuwa hana lolote ila silabi moja alikuwa akihesabu miaka yake, akikumbuka swali la jana, akipima nia ya anayemwuliza, na akiona uchungu wa kufanywa mtoto. Haya yote yalikuwa yakiendelea ndani yake, na kilichokosekana ni njia ya kuyatoa nje kwa sauti.

Siku moja baada ya kifo hicho Broca aliuonyesha ubongo wa marehemu mbele ya Jumuiya ya Anthropolojia ya Paris. Eneo lililoharibika lilikuwa katika nusu ya kushoto, sehemu ya mbele na chini, takriban usawa wa panja. Mwaka huo huo akapata mgonjwa wa pili, mzee wa miaka 84 aitwaye Lelong, aliyebakiwa na maneno matano tu, na ubongo wake ulikuwa na kidonda mahali pale pale. Kufikia mwaka 1865, baada ya kukusanya wagonjwa wengine, Broca alitamka wazi kwamba binadamu husema kwa nusu ya kushoto ya ubongo wake. Leo twajua kwamba ni hivyo kwa zaidi ya watu 9 kati ya 10 wanaotumia mkono wa kulia, na kwa takriban 7 kati ya 10 wanaotumia mkono wa kushoto.

Mwaka 1874 daktari kijana wa Kijerumani, Carl Wernicke, akiwa na umri wa miaka 26 katika mji wa Breslau, ambao leo huitwa Wrocław na uko Poland, alieleza ugonjwa wa namna nyingine. Wagonjwa wake walisema sana. Maneno yaliwatoka kwa mtiririko, kwa lafudhi nzuri, wakipandisha na kushusha sauti kama mtu yeyote anayezungumza, lakini maana haikuwamo, na wala hawakuelewa waliyoambiwa. Eneo lililodhurika kwao lilikuwa nyuma zaidi, juu ya sikio la kushoto. Nasimama kidogo hapa, kwa kuwa naona wagonjwa wa aina hii ndio wanaodhulumika zaidi. Yule asiyeweza kusema huhurumiwa na watu, ilhali huyu anayetoa maneno yasiyoeleweka huambiwa kwamba amerukwa na akili, au kwamba ana jini, akaanza kuzungushwa huku na huko wakati mgonjwa wa kiharusi alipaswa kuwa hospitali. Mtu akiamka asubuhi na kuanza kuzungumza maneno ambayo nyumba nzima haiyaelewi, na jana yake alikuwa mzima, mchukulieni kuwa amepata kiharusi mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo.

Sasa nije kwenye swali ambalo familia huuliza kila mara: kwa nini maneno na mkono wa kulia huondoka pamoja? Amri zinazotoka ubongoni kwenda mwilini huvuka upande zinapofika chini ya shina la ubongo, karibu na mahali uti wa mgongo unapoanzia, kwa hiyo nusu ya kushoto ndiyo inayoendesha mkono na mguu wa kulia, na nusu ya kulia huendesha upande wa kushoto. Katika nusu hiyo ya kushoto, eneo la kuongoza uso na mkono limepakana na eneo la usemi, na yote mawili hupata damu kutoka katika mshipa mmoja mkubwa unaopita ubavuni mwa ubongo. Bomba moja la mtaa likiziba, nyumba zote zilizounganishwa nalo hukosa maji, hata kama wenye nyumba hizo hawana uhusiano wowote wa shughuli. Ndivyo ilivyo kwa mshipa huo, nao ndio unaoziba mara nyingi zaidi katika kiharusi cha damu kuganda.

Eneo la mguu halipo hapo. Liko juu utosini, likishuka kwa ndani pale nusu mbili za ubongo zinapoelekeana, na sehemu kubwa ya damu yake hutoka katika mshipa mwingine. Kwa sababu hiyo wengi wenu mmeona mgonjwa akianza kusimama na kutembea baada ya majuma au miezi, huku mkono wake ukiwa bado umekunjika kifuani. Nimewahi kusikia mgonjwa akiambiwa kwamba anaudekeza mkono, kwamba mbona mguu ameweza. Si uvivu, jamani. Ni mishipa miwili tofauti, mmoja umeumia zaidi kuliko mwingine.

Ramani hii ya viungo haikupatikana kwa kubuni. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, mjini Berlin, waligusisha umeme hafifu kwenye ubongo wa mbwa, wakaona kwamba kila mahali walipogusa palijongeza kiungo fulani cha upande wa pili. Katika karne iliyofuata, mjini Montreal nchini Kanada, daktari Wilder Penfield alikuwa akiwapasua wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa kuwa ubongo wenyewe hauhisi maumivu na ganzi ya ngozi ya kichwa hutosha. Aligusa hapa, mgonjwa akasema kidole gumba kinawasha. Akagusa pale, midomo ikacheza. Ramani aliyoichapisha pamoja na Edwin Boldrey mwaka 1937 ilionyesha kwamba ubongo haukugawa nafasi kwa kufuata ukubwa wa kiungo. Mgongo mzima una kipande kidogo, lakini vidole, midomo na ulimi vimepewa eneo pana, kwa kuwa kazi zake zinahitaji ustadi mkubwa. Ndiyo sababu kufunga kifungo cha shati huchelewa kurudi kuliko kuinua bega.

Yapo maeneo mengine ambayo nitayapitia kwa haraka. Uwezo wa kuona umewekwa kisogoni, mbali na macho yenyewe. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, aliuchora mpangilio wake baada ya kuwachunguza askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Japani na Urusi vya 1904 na 1905. Ubongo mdogo, ulio chini ya kisogo, husawazisha mwendo na mizani ya mwili, na ingawa ni mdogo kwa umbo umebeba sehemu kubwa ya seli zote za neva, ambazo kwa jumla hukadiriwa kufikia bilioni 86. Shina la ubongo linasimamia pumzi, mapigo ya moyo na kumeza.

Neno hilo la mwisho, kumeza, siwezi kulipita haraka. Kumeza ni kazi inayotegemea shina la ubongo na pia maeneo ya juu yake, na wagonjwa wengi wa kiharusi hupoteza uwezo huo katika siku za mwanzo bila ya wao wala jamaa zao kujua. Mama anampenda mumewe, anaona hajala tangu jana, anamlaza chali na kumnywesha uji kwa kikombe. Uji unaingia kwenye njia ya hewa badala ya njia ya chakula, na baada ya siku mbili tatu mgonjwa ana nimonia, akifariki watu husema kiharusi ndicho kilichomuua. Msimpe chochote kinywani, hata maji, kabla mwuguzi au daktari hajapima kama anameza. Akiruhusiwa, mketisheni wima, mpeni kidogo kidogo kwa kijiko, subirini ameze kabla ya kijiko kinachofuata, na mkisikia anakohoa au sauti yake imekuwa ya majimaji, acheni hapo hapo.

Nimezungumza sana juu ya upande wa kushoto, na mgonjwa aliyeumia upande wa kulia wa ubongo asije akasahauliwa. Huyu huzungumza vizuri, kwa hiyo watu huona ameponea chupuchupu. Lakini mtazameni anapokula. Mtamwona anamaliza ugali na mboga zilizo upande wa kulia wa sahani, anasema ameshiba au analalamika kwamba chakula ni kidogo, na upande wa kushoto wa sahani uko vile vile ulivyopakuliwa. Macho yake hayana kasoro. Eneo la ubongo linaloupa upande wa kushoto umuhimu wake ndilo lililoumia, na kwake upande huo wa dunia ni kama haupo. Atagonga mlango kwa bega la kushoto, atachana nywele za upande mmoja, na mwingine hata atakataa kwamba mkono wake wa kushoto umepooza, si kwa ukaidi bali kwa kuwa taarifa hiyo haimfikii. Mzungushieni sahani. Kaeni upande wake wa kushoto mnapozungumza naye, mumwite ageuke, kwani kugeuka huko ni sehemu ya tiba.

Ndugu zangu, liko eneo ambalo kuumia kwake hakuonekani kwa macho wala hakupimwi kwa kumwambia mtu ainue mkono, nalo ni sehemu ya mbele kabisa, nyuma ya paji la uso. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa mafundi wa reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti katika mwamba ilipolipuka, na mtaimbo wake wenye urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 hivi ukaingia chini ya mfupa wa shavu la kushoto na kutokea utosini. Alizungumza dakika chache baadaye, na akaishi miaka 11 zaidi. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba mtu aliyekuwa mtulivu na mwenye mipango alikuwa sasa hana subira, mwenye lugha chafu, asiyeshika uamuzi wake mwenyewe, hata rafiki zake wakasema kwamba huyu si Gage tena. Wanaosimulia habari hiyo huishia hapo, nami naona hawamtendei haki, kwa kuwa baadaye Gage alikwenda Chile na kuendesha magari ya farasi ya abiria kwa miaka kadhaa, kazi inayohitaji ratiba, uangalifu na kuishi na watu. Alirejea kwa kiasi. Nawataja hapa vijana wetu wanaopata ajali za bodaboda bila kofia ngumu. Mfupa wa paja huunganishwa na kijana akatoka hospitali akitembea, kisha nyumbani mke au mama anaona mtu mwenye hasira za ghafla, asiyemaliza alichokianza, asiyeona aibu aliyokuwa akiiona. Wengi huitwa wakorofi. Wapelekeni wakachunguzwe kichwa kabla hamjawahukumu tabia.

Kuhusu kumbukumbu, tunadaiwa shukrani na Mmarekani Henry Molaison. Mwaka 1953, Molaison akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimwondolea pande zote mbili sehemu za ndani ya ubongo usawa wa masikio, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo linalohusika na kumbukumbu, ili kutuliza kifafa kikali. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya ya matukio. Aliyezungumza naye akitoka chumbani na kurudi baada ya muda mfupi alikuwa mgeni kwake. Mwanasaikolojia Brenda Milner alimpa jaribio la kuchora nyota huku akiuona mkono wake kwenye kioo tu, kazi inayomsumbua kila mtu mwanzoni. Kwa siku tatu mfululizo Molaison aliifanya kwa ustadi uliozidi kuongezeka, na kila mara alidhani ndiyo kwanza anaiona. Mkono wake ulikuwa umejifunza bila yeye kukumbuka kujifunza. Hapo ilidhihirika kwamba kumbukumbu ya matukio na kumbukumbu ya mikono hukaa mahali tofauti. Ndiyo maana bibi aliyesahau majina ya wajukuu zake aweza bado kusuka ukili bila kukosea, na babu asiyejua leo ni siku gani akafunga nyavu kwa fundo lile lile alilofundishwa utotoni. Msiwanyang'anye kazi hizo kwa kudhani mnawapumzisha.

Baada ya kusema haya yote ni wajibu wangu kuweka mpaka, ili mtu asiondoke hapa akidhani kwamba ubongo ni vyumba vilivyojengewa kuta. Kosa hilo lilikwisha kufanyika. Mwanzoni mwa karne ya 19 Franz Joseph Gall na wafuasi wake walidai kwamba kila tabia, tangu uchoyo hadi uchamungu, ina kiungo chake ubongoni na kwamba nundu za fuvu huonyesha ukubwa wake. Watu wakapapaswa vichwa na kuhukumiwa, na elimu hiyo ya uongo ikatumiwa kudunisha jamii nzima nzima za watu, sisi Waafrika tukiwamo. Tofauti ya Broca na Gall ni kwamba Broca alianza na mgonjwa na kidonda kinachoonekana. Hata hivyo, naye hakuiona picha yote. Ubongo wa Leborgne ulihifadhiwa mjini Paris, na watafiti walipoupiga picha za MRI, wakachapisha matokeo mwaka 2007, waligundua kwamba uharibifu ulikuwa umezama ndani kuliko Broca alivyoweza kuona kwa nje, ukikata nyuzi zinazounganisha eneo la mbele na maeneo ya nyuma. Mwingereza John Hughlings Jackson alikuwa amekwisha kuonya katika karne ile ile ya 19 kwamba kupata mahali ambapo kidonda huharibu usemi ni jambo moja, na kudai kwamba usemi unakaa mahali hapo ni jambo lingine. Mimi namfuata yeye. Usemi ni kazi ya maeneo mengi yanayopelekeana taarifa, na eneo la Broca ni mojawapo ya yale ambayo pasipo nayo kazi hukwama.

Wale wanaosema kwamba binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo wake hawana ushahidi. Kama asilimia 90 ingekuwa bure, viharusi vingi visingetudhuru. Na yale madai kwamba kuna watu wa ubongo wa kushoto na watu wa ubongo wa kulia, wa kwanza wakiwa wa hesabu na wa pili wakiwa wa sanaa, nayo hayana msingi katika picha za ubongo. Lenye ushahidi, na lenye kustaajabisha, ni hili: viziwi wanaotumia lugha ya alama wakiumia nusu ya kushoto ya ubongo hupoteza lugha hiyo ya mikono kama sisi tunavyopoteza ya mdomo, hata kama mikono yenyewe haijapooza. Nusu ya kushoto, kumbe, inashughulikia lugha, iwe ya sauti au ya mikono.

Sasa nirudi kwa lile apizo lililomtoka Leborgne. Liliwezekanaje, kwa mtu asiyeweza kusema hata jina lake? Maneno tunayoyatunga upya kila tunapozungumza hutegemea sana maeneo yale ya kushoto. Lakini yako maneno yaliyokwisha kushikana kwa kurudiwa maisha yote: kuhesabu moja hadi kumi, siku za juma, salamu, matusi, sala, nyimbo. Haya hupitia njia nyingine, zikiwamo za nusu ya kulia na za ndani zaidi, na mara nyingi hubaki. Mzee asiyeweza kuomba maji aweza kuisoma Fatiha yote, na mama asiyeweza kutaja jina la mwanawe akafuata "Baba Yetu" mpaka "Amina". Familia nyingi zikiona hivyo hudhani kwamba mgonjwa anaigiza, ya kwamba kama anaweza kusali basi anaweza kusema, ni kiburi tu. Nawasihi mlitupe kabisa wazo hilo. Hapo mmeonyeshwa mlango ambao haukufungwa. Mjini Boston, mwaka 1973, wataalamu walianza kuutumia kwa utaratibu: mgonjwa huimba sentensi fupi anayoihitaji, huku akigonga mapigo yake kwa mkono wa kushoto, kisha wimbo unapunguzwa hatua kwa hatua ubaki usemi. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno katika nchi zetu, lakini kuimba "nataka maji" pamoja na baba yako kila asubuhi hakuhitaji rufaa ya hospitali.

Jambo la lugha nalo linatuhusu sana sisi tunaoishi na lugha mbili au tatu. Mtu aliyezaliwa katika Kinyakyusa, akasoma kwa Kiswahili na kufanya kazi kwa Kiingereza, akipata kiharusi huweza kurudiwa na lugha zote kwa pamoja, na hilo ndilo hutokea mara nyingi. Lakini wapo ambao lugha moja hutangulia, kwa wengine ile ya utotoni, kwa wengine ile waliyoitumia zaidi kabla ya kuugua, jambo ambalo Mfaransa Albert Pitres aliliandika tangu 1895. Kwa hiyo msimhoji mgonjwa kwa Kiswahili pekee kwa sababu tu daktari anazungumza Kiswahili. Mwiteni shangazi anayejua kilugha chake, aketi naye, amwamkie kama alivyoamkiwa nyumbani kwao. Mwulizeni maswali yanayojibika kwa kutikisa kichwa, swali moja kwa wakati mmoja, na mumpe muda mrefu wa kujibu kuliko mnavyodhani anahitaji. Zimeni redio. Msimmalizie sentensi, na msimzungumzie mbele yake kana kwamba hayupo.

Nimebakiza la uharaka. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kurekebisha tofauti za umri, wanaopata kiharusi kwa mara ya kwanza kila mwaka walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kule Hai, na takriban 316 Dar es Salaam. Chanzo kikubwa ni presha ya kupanda, ambayo haiumi wala haiwashi, na ambayo dawa yake haiachwi mtu anapojisikia vizuri. Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli za neva zinazokufa kwa kila dakika hukadiriwa kuwa milioni 1.9. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na hutolewa baada tu ya kipimo cha CT scan, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka. Kwa sababu hiyo hiyo msimpe mgonjwa aspirini nyumbani, kwani kama mshipa umepasuka mtazidisha damu kuvuja. Mwambieni atabasamu mwone kama mdomo umeenda upande. Mwambieni ainue mikono yote miwili mwone kama mmoja unashuka. Mwambieni arudie sentensi fupi. Kimoja kati ya hivyo kikikataa, tazameni saa, iandikeni, na muanze safari ya hospitali yenye CT scan, kwa kuwa swali la kwanza mtakaloulizwa mapokezi ni lini alionekana mzima kwa mara ya mwisho.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wauguzi wameweka mashine mbili za kupima presha pale mlangoni. Naomba waanze wale ambao hawajawahi kupimwa, kisha wafuate wale walioacha dawa. Nami nitabaki hapa kwa maswali ya wenye wagonjwa nyumbani.